Siku Moja Luxor: Kuzunguka Mahekalu na Makaburi ya Mafirauni Bila Kulanguliwa

Kila inapokaribia Desemba simu yangu huanza kuita. Binamu wa rafiki, jirani wa zamani, mtu tuliyekaa meza moja harusini: wote wanakwenda Misri, wote wametenga siku moja ya Luxor, na wote wanauliza mambo yaleyale. Siku moja inatosha? Nichukue mwongoza watalii au nizunguke peke yangu? Kaburi la Firauni Tutankhamun lina nini ndani? Ni kweli dirishani hawapokei pesa taslimu? Nilisoma Cairo, na tangu hapo nimeshawasindikiza ndugu na jamaa Luxor mara nyingi. Nimechoka kujibu kwa ujumbe wa sauti, kwa hiyo nayaandika yote hapa.

Siku moja inatosha, kwa masharti mawili: uanze kabla jua halijapanda, na ukubali kuacha vitu. Anayetaka kumaliza Luxor yote kwa siku moja hurudi hotelini na picha mia nne za nguzo asizojua ni za hekalu lipi.

Ramani yake ni nyepesi. Mto Nile unaugawa mji pande mbili. Ng'ambo ya mashariki kuna mji wenyewe, stesheni ya treni, hoteli nyingi, hekalu la Karnak na hekalu la Luxor. Ng'ambo ya magharibi, jua linakozama, ndiko Wamisri wa kale walikozika wafu wao: Bonde la Wafalme, hekalu la Hatshepsut, kijiji cha mafundi cha Deir el-Medina, hekalu la Medinet Habu. Asubuhi uwe magharibi, jioni mashariki. Nadharia ya kutosha ni hiyo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kadi ya benki, Visa au Mastercard, inayofanya kazi nje ya nchi. Madirisha mengi ya tiketi sasa hayapokei noti kabisa. Piga simu benki yako kabla ya safari uwaambie unakwenda Misri, la sivyo kadi itafungwa siku ya kwanza tu. Mkiwa wawili, bebeni kadi mbili za benki tofauti.
- Paundi za Misri taslimu, tena noti ndogondogo. Tiketi ni kwa kadi, lakini choo, kivuko, chai na bakshishi vyote ni taslimu. Chenji Luxor ni kama mvua: watu wanaizungumzia kuliko wanavyoiona.
- Pasipoti. Mwanafunzi abebe kitambulisho cha kimataifa cha mwanafunzi chenye picha. Kwa kawaida kinapunguza bei nusu. Mwenye pasi ya Oman au nchi nyingine ya Kiarabu aulize dirishani bei ya Waarabu kabla ya kulipa ya wageni.
- Maji, angalau lita mbili kwa kila mtu. Kofia. Mtandio au shuka jepesi la shingoni, kwa jua na kwa vumbi. Viatu vya kufunga. Nimemwona dada mmoja akipanda ngazi za kaburi la Thutmose wa Tatu na ndala. Alishuka amezishika mkononi.
- Viza na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Haya yanamalizwa nyumbani, si uwanja wa ndege: viza kwenye ubalozi wa Misri Dar es Salaam, Nairobi au popote ulipo, na cheti unakochanjwa.

Kuhusu majira: Oktoba hadi Aprili ndio wakati wake. Kuanzia Juni hadi Agosti joto hupita nyuzi 40, na Bonde la Wafalme ni shimo la mawe meupe lisilo na mti wala kivuli. Ramadhani watalii ni wachache, lakini vituo hufungwa mapema.

Hatua ya 1: Mpime mwongoza watalii kabla hujamlipa

Unaweza kuzunguka bila yeye? Karnak, ndiyo, kwa shida kidogo. Upande wa magharibi kwa mara ya kwanza, nakushauri umchukue. Kuta zile zimejaa maandishi na bila mtu wa kukuonyesha pa kuangalia, baada ya nusu saa kila ukuta utafanana na mwenzake.

Mwongoza watalii halali ana leseni ya serikali na kitambulisho cha kuvaa shingoni. Omba kukiona, hatakasirika. Kisha muulize swali moja: "Wiki hii makaburi gani yamefunguliwa kwenye Bonde la Wafalme?" Makaburi hufunguliwa na kufungwa kwa zamu ili yapumzike, na mtu aliyekuwepo juzi atakutajia bila kufikiri. Akikujibu "yote yamefunguliwa, rafiki yangu", tafuta mwingine.

Wa Kiswahili ni adimu kama maziwa ya kuku. Wengi wanasema Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani. Ukijua Kiarabu kidogo cha madrasa, kitumie. Hawatakuelewa vizuri lakini watakupenda.

Hatua ya 2: Makubaliano yawe ya maandishi, na saa iandikwe kwa tarakimu

Mtumie ujumbe wenye mambo haya: vituo mtakavyopita kwa majina, gari lina kiyoyozi au halina, bei ni ya gari na mwongozaji tu au na tiketi ndani yake, na sentensi hii: "Hatutaki kupelekwa dukani." Usiione sentensi hiyo kuwa ya ukali. Ziara nyingi za bei poa zinalipwa na kamisheni ya maduka ya alabasta (jiwe laini la mapambo) na mafunjo (karatasi za matete za Wamisri wa kale), na kila duka linakula saa nzima ya asubuhi yako.

Sasa la saa, ambalo linawahusu Waswahili kuliko taifa lingine lolote. Mwarabu akikwambia "saa sitta" anamaanisha saa kumi na mbili ya kwetu. Neno ni lilelile, sita ni sita, tumelichukua kwao. Ila wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane na sisi tunahesabu kuanzia macheo. Mjomba wangu wa Tanga aliongea na dereva mwenyewe kwa simu, akafurahi kusikia lugha anayoielewa: saa sita! Akalala, akanywa chai, akavaa taratibu. Dereva alisimama mlangoni mwa hoteli tangu alfajiri, akasubiri saa nzima, akaenda zake. Mjomba alifika bondeni adhuhuri, mwezi wa Agosti. Mpaka leo ukimtajia Firauni anaomba maji.

Kwa hiyo andika 05:30, kwa tarakimu. Sita, saba na tisa ndizo zenye mtego, kwa kuwa kwao na kwetu zinasikika karibu sawa.

(Kuanzia hapa saa zote nazitaja kwa Kiswahili.)

Hatua ya 3: Vuka mto kabla ya jua

Kama umelala mashariki, ondoka hotelini saa 11 na nusu alfajiri. Gari la ziara huzunguka kwa daraja lililo kusini mwa mji, na hilo linachukua muda kuliko unavyofikiri. Njia ya mkato ni kivuko cha umma kinachoanzia karibu na hekalu la Luxor: nauli yake ni ndogo sana, na dereva anakungoja ng'ambo ya pili. Wapiga debe wa boti binafsi watakwambia kivuko kimeharibika. Kiangalie kwa macho yako, kiko palepale, kinapakia akina mama na baiskeli.

Nikipanga mwenyewe huwa nalala upande wa magharibi. Vyumba ni vya bei nafuu, usiku ni kimya, na asubuhi unapata nusu saa ya kulala zaidi huku maputo ya watalii yakipaa juu ya mashamba ya miwa.

Hatua ya 4: Nunua tiketi mahali pake

Hapa ndipo wengi wanaozunguka wenyewe hukwama. Tiketi za Bonde la Wafalme na za hekalu la Hatshepsut zinauzwa kwenye milango yake. Za Deir el-Medina, Medinet Habu na makaburi ya wakuu wa serikali zinauzwa kwenye ofisi ya tiketi iliyo barabarani, jirani na Sanamu za Memnon. Ukifika Medinet Habu mkono mtupu utarudishwa, na jua halitakusubiri.

Sanamu za Memnon zenyewe hazina tiketi. Ni sanamu mbili za Amenhotep wa Tatu zenye urefu wa kama mita 18, ndizo zilizobaki mbele ya hekalu lake kubwa lililobomoka. Dakika kumi zinatosha, piga picha, endelea.

Hatua ya 5: Chagua makaburi yako ukiwa bado kivulini

Bonde linafunguliwa saa 12 asubuhi. Kutoka kwenye jengo la wageni kuna kigari cha umeme cha kukupandisha. Ukipande kigari hicho, hasa kwa kurudi.

Tiketi ya kawaida inakupa makaburi matatu kati ya yaliyofunguliwa siku hiyo. Bondeni yamegunduliwa zaidi ya 60, kwa hiyo usikubali kuingia lolote lililo karibu na mlango kwa sababu tu lina foleni. Pangilia hivi:

a) Moja jepesi la kuanzia: Ramses wa Nne au Ramses wa Tisa. Njia ni pana, mteremko mdogo, hata bibi mwenye magoti mabovu anaingia. Kwa Ramses wa Nne angalia kuta zenye maandishi ya Kigiriki na Kikopti: watu wamekuwa wakiingia humu kutalii na kujificha tangu zama za Warumi.

b) Moja la kukaa: Ramses wa Tatu. Ukifika katikati utaona korido inakata kona ghafla na kuendelea pembeni. Wachimbaji walipokuwa wakilichonga walitoboa wakaingia kwenye kaburi la mtu mwingine, Amenmesse, ikabidi wahamishe njia. Fundi wa miaka elfu tatu iliyopita amekosea vipimo, na kosa lake unalipita kwa miguu.

c) Moja la miguu: Merenptah, au Thutmose wa Tatu kama limefunguliwa. La Thutmose liko juu kwenye ufa wa jabali. Unapanda ngazi za chuma, halafu unashuka tena ndani. Chumba cha maziko kina umbo la yai, na kuta zimechorwa watu wa mistari mitupu, kama mtu ameikunjua karatasi ya mafunjo akaibandika ukutani. Mwenye pumu au woga wa sehemu finyu alikwepe.

Halafu yako yale yenye tiketi ya ziada, na hapa nitasema wazi. Kaburi la Tutankhamun ni dogo, na chumba kimoja tu ndicho kilichochorwa. Hazina zake, vitu zaidi ya elfu tano, ziko Giza kwenye jumba jipya la makumbusho. Lakini maiti yake imebaki pale bondeni, ndani ya sanduku la kioo, uso na nyayo vikionekana. Wapo wanaotoka wamenyamaza, na wapo wanaotoka wakiuliza "ndio hilo tu?" Tangu Howard Carter, Mwingereza mchimbuaji wa mambo ya kale, na wafanyakazi wake walipofikia ngazi ya kwanza tarehe 4 Novemba 1922, jina limekuwa kubwa kuliko kaburi. Kama una pesa ya tiketi moja tu ya ziada, ingia la Ramses wa Tano na wa Sita. Dari la chumba chake cha maziko ni mungu wa kike Nut, amejinyoosha, analimeza jua jioni na kulizaa asubuhi, rangi ya manjano juu ya buluu ya usiku. Mfuko ukiruhusu kweli, liko la Seti wa Kwanza: tiketi yake inazidi mara mbili ya ile ya kawaida, na ndilo kaburi lililochongwa vizuri kuliko yote bondeni.

Hatua ya 6: Ndani ya kaburi

Mwongozaji wako hataruhusiwa kutoa maelezo ndani. Atakueleza nje, mbele ya ubao wenye picha, kisha utaingia peke yako. Usidhani amekutelekeza, ndiyo sheria, ili watu wasijazane. Kwa hiyo msikilize vizuri nje na umuulize kitu kimoja cha kutafuta katika kila kaburi.

Shuka moja kwa moja mpaka mwisho, kwenye chumba cha maziko, kabla kundi la nyuma halijafika. Kuta za korido utazisoma wakati wa kupanda, taratibu, ukiwa unapumua.

Simu inaruhusiwa kupiga picha sehemu nyingi, mwanga wa flashi hauruhusiwi popote. Usiguse ukuta, hata kwa begi. Pumzi na jasho letu tu vinatosha kuumiza rangi zile.

Mlinzi wa ndani atakuita kwa kidole. Atakuonyesha pembe ambayo umekwisha kuiona, au atakupepea kwa kipande cha boksi bila kuombwa, kisha mkono utafunguka. Bakshishi ni bakshishi, neno na desturi tunavijua. Kama amekusaidia kweli, mpe noti ndogo. Kama hukuhitaji, sema "La, shukran" mara moja, usimtazame tena, endelea kutembea. Kosa ni kusimama kubishana. Akikuvusha kamba ya kizuizi, usivuke: faini itakuwa yako.

Saa mbili na nusu au tatu asubuhi uwe umetoka bondeni.

Hatua ya 7: Hekalu la Hatshepsut, na ukuta unaotuhusu

Picha ya hekalu hili umeshaiona: majukwaa matatu yaliyopangwa chini ya jabali la Deir el-Bahari. Hatshepsut alikuwa mwanamke aliyetawala kama firauni kamili, karne ya 15 kabla ya Kristo, na kwenye sanamu zake amevaa ndevu za bandia za kifalme. Baada ya kufa kwake picha zake nyingi zilikwanguliwa. Mwombe mwongozaji akuonyeshe mahali ambapo umbo la mtu limebaki kama kivuli, miungu imesimama pande mbili ikimbariki asiyekuwepo.

Wengi hupanda moja kwa moja hadi juu, wakapiga picha, wakashuka. Wewe simama jukwaa la pili na uingie baraza ya mkono wa kushoto. Pale kuna mchoro wa msafara wa Wamisri kwenda Punt, nchi ya kale ya ubani. Merikebu za Misri zinapakia mizigo: mirundo ya ubani na manemane, pembe, nyani, na miti ya ubani iliyong'olewa na mizizi yake, ikabebwa kwa vikapu vilivyoning'inizwa kwenye miti mabegani. Nyumba za Punt zimesimama juu ya nguzo na zina ngazi za kupandia. Chini ya merikebu wamechorwa samaki wa Bahari ya Shamu, kila aina na umbo lake. Wataalamu bado wanabishana Punt ilikuwa wapi hasa, ila wengi wanaielekeza Pembe ya Afrika, pande za Eritrea na Somalia. Shangazi yangu, aliyefukiza ubani Unguja maisha yake yote, alisimama mbele ya ile miti akakataa kuondoka. "Kumbe walikuwa wanaujia huku kwetu," akasema. Nilimwambia Punt haikufika Unguja. Hakunisikiliza.

Mchoro umefifia, na jua la asubuhi likiingia kwa ubavu ndipo mistari inaonekana. Mchana utaona ukuta mtupu.

Hatua ya 8: Moja kati ya mawili, usichukue yote

Saa nne inakaribia, joto linapanda. Kimebaki kituo kimoja cha upande huu. Chagua.

Deir el-Medina ni kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya wafalme. Misingi ya nyumba zao imesimama mpaka leo, vyumba vidogo mfululizo kama kota za reli. Wakati wa Ramses wa Tatu, mwaka wa 29 wa utawala wake, posho yao ya nafaka ilichelewa, wakaweka zana chini wakaenda kukaa nyuma ya mahekalu wakisema wana njaa. Karani aliyaandika yote kwenye mafunjo, na ndio mgomo wa kwanza wa wafanyakazi tunaoujua kwa maandishi. Jioni na siku za mapumziko mafundi hawa walijichongea makaburi yao wenyewe. La Sennedjem ni chumba kimoja chenye dari la mviringo, unaingia umeinama. Ndani yake yeye na mkewe wanalima na kuvuna huko akhera, wamevaa nguo nyeupe za kitani bila tone la matope. Rangi zake zinashinda makaburi mengi ya wafalme.

Medinet Habu ni hekalu la Ramses wa Tatu huyohuyo aliyechelewesha posho. Kubwa, lina rangi kwenye madari, na wageni ni wachache. Kwenye kuta makarani wanahesabu mirundo ya mikono iliyokatwa ya maadui. Mwenye watoto wadogo awape habari mapema.

Mimi huchagua Deir el-Medina. Mwenye mwili mkubwa au magoti mabaya, Medinet Habu.

Hatua ya 9: Pumzika kwa lazima

Kuanzia saa 6 hadi saa 8 mchana usitembee popote. Kula, swali, lala. Wanaoiruka hatua hii ndio ninaowakuta Karnak wamekaa kwenye kivuli cha kondoo wa mawe, macho yamelegea.

Kama ulisahau ile sentensi ya Hatua ya 2, saa hizi ndipo gari "litasimama kidogo" kwenye karakana ya alabasta. Chai utapewa, na chai haina deni. Ukitaka kweli kununua mafunjo, likunje kidogo pembeni: la bandia, lililotengenezwa kwa majani ya migomba, hukatika, la kweli hupinda na kurudi.

Hatua ya 10: Karnak, kuanzia saa 9 alasiri

Usichelewe zaidi ya hapo, kwani mlango hufungwa kabla ya jua kuzama. Karnak ilijengwa na wafalme wengi kwa karne nyingi, kila mmoja akiongeza lango lake, ndiyo maana haina mpango unaoeleweka. Usijaribu kuimaliza. Nenda kwenye ukumbi wa nguzo: ziko 134, na zile 12 za katikati zina urefu wa kama mita 21, karibu ghorofa saba. Simama katikati, uinue shingo, utafute rangi zilizobaki chini ya mihimili ya juu, ambako mvua na jua havikufika. Kisha uone mnara wa jiwe moja wa Hatshepsut, na ziwa takatifu. Kando ya ziwa utawakuta watu wakilizunguka jiwe lililochongwa umbo la mbawakawa, yule mdudu anayeviringisha mavi, wakiomba bahati. Zungukeni mkipenda. Mimi huenda kukaa kwenye ngazi.

Hatua ya 11: Hekalu la Luxor, jua likizama

Kutoka Karnak hadi hekalu la Luxor kuna njia ya sanamu za simba wenye vichwa vya watu na kondoo, kilomita 2.7, iliyofunguliwa upya Novemba 2021. Kama miguu inakubali, itembee. Kama haikubali, teksi.

Mbele ya lango kuna mnara wa jiwe mmoja, na mahali pa pili pako wazi. Pacha wake yuko Paris tangu miaka ya 1830. Ingia taa zinapowashwa, kisha uangalie juu kushoto. Ndani ya hekalu, juu ya nguzo, umekaa msikiti wa Abu al-Haggag, wa karne ya 13. Ulipojengwa hekalu lilikuwa limefukiwa na udongo na nyumba za watu. Walipofukua, msikiti ulibaki juu na mlango wake wa zamani unaning'inia hewani, hauna ngazi. Unaingilia upande wa barabarani siku hizi, na kunaswaliwa kama kawaida. Adhana ya magharibi ikitoka pale, sauti inashuka kwenye nguzo za Amenhotep, na wauza vikofia nje wananyamaza kwa dakika mbili.

Yakienda kombo

*Kadi imekataa dirishani.* Jaribu dirisha la pili, mashine tofauti. Ikishindikana, mwombe mwongozaji alipe kwa kadi yake umrudishie taslimu; wengi wanakubali. Usimpe pesa mtu wa pembeni anayejitolea "kukusaidia".

*Kaburi ulilolitaka limefungwa.* Hakuna cha kubishana. Muulize mlinzi wa getini lipi limefunguliwa hivi karibuni. Mara nyingi lililotoka kupumzika ndilo halina watu.

*Aliyetokea si mwongozaji uliyekubaliana naye.* Omba leseni ya huyo mpya na umsomee ule ujumbe wa Hatua ya 2 kabla ya gari kuondoka. Ukishavuka mto umekubali.

*Kichwa kinauma na jasho limekata.* Hilo ni jua. Kivulini mara moja, maji kwa mafunda madogo, chumvi kidogo, mtandio uliolowa shingoni. Acha kituo kinachofuata. Mtu akianza kuweweseka au kuzimia, ni hospitali, si soda.

*Mmelumbana kuhusu bakshishi ya mwisho wa siku.* Dereva na mwongozaji wanapewa kila mmoja mkononi mwake, kiasi tofauti. Ukimpa mmoja amgawie mwenzake, umewagombanisha.

*Mmechelewa na Karnak imefungwa.* Ndicho kilichompata mjomba. Tulimpeleka hekalu la Luxor usiku, kesho yake saa 12 asubuhi akaenda Karnak kwa teksi, akapanda treni ya mchana kurudi Cairo. Safari hii saa aliiandika mwenyewe, kwa kalamu, kwenye kiganja.